Njia za Mbio Kando ya Mto Kafubu: Shajara ya Mradi, Mei hadi Novemba 2024

Jumapili, 5 Mei

Leo tumeanza rasmi. Kijiji chetu kiko upande wa kusini wa jiji la Lubumbashi, katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye ukingo wa mto Kafubu, katika nchi ya Walamba. Tangu nilipohamia mjini kufundisha jiografia nimekuwa nikirudi karibu kila Jumapili kumsalimu mama na kukimbia kidogo kabla jua halijawa kali. Mjini watu hufanya futingi, yaani mbio za mazoezi, barabarani kwa makundi, wakiimba na kuitikiana, na hakuna anayeshangaa. Kijijini hali ni tofauti, kwa sababu mtu mzima akionekana anakimbia asubuhi, watu hudhani kuna msiba, moto au mwizi, na zaidi ya mara moja wazee wameacha majembe yao na kunifuata ili wanisaidie.

Mradi wenyewe ni huu: kuchora, kupima na kuwekea alama njia tatu za mbio kuzunguka kijiji, moja ya kufuata mto, moja ya kupita katika msitu wa vichuguu, na moja fupi ya watoto wa shule. Tuko wanne, yaani mimi, vijana wawili wa kijiji ambao tayari wanakimbia vizuri kuliko mimi, na dada mmoja muuguzi wa kituo cha afya. Fedha tulizonazo ni kidogo, na kwa sababu hiyo tumekubaliana tangu mwanzo kwamba hatutafyeka njia mpya hata moja, bali tutatumia vijia vilivyokwisha kukanyagwa na watu.

Jambo la kwanza lilikuwa kwenda kwa chifu, nasi hatukwenda mikono mitupu. Tulimkuta chini ya mwembe wake, tukapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa, tukaeleza nia yetu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani katika nchi hii aliyewahi kufika mahali kwa kukimbia. Nilimweleza habari za Makorobondo Salukombo, mtoto wa Kirotshe, kijiji kilicho kando ya ziwa Kivu karibu na Goma, ambaye aliiwakilisha Kongo katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na ambaye amewafundisha vijana wa kijiji chake kukimbia kwenye barabara zao wenyewe. Chifu alikaa kimya, akasema: "Mwalimu, njia haina mwenyewe, lakini kila inakopita ina wenyewe. Nendeni mkawaulize mmoja mmoja, halafu mrudi." Nimeandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, kwa kuwa ndiyo masharti yetu.

Jumapili, 19 Mei

Tumetembea kwa miguu njia yote ya mto, polepole, tukiongea na kila tuliyemkuta, na kazi hiyo imetuchukua tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana.

Kipande cha kwanza kinateremka kutoka shule hadi bustani za mboga. Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa akina mama wanaolima lengalenga (mchicha), kabichi na matembele kando ya maji ndio watu wanaoutumia ukingo wa mto kuliko sisi sote. Kijia kinapita katikati ya matuta yao, na upana wake ni wa unyayo mmoja tu. Mama mmoja mwenye bustani iliyo karibu zaidi na maji alinishika mkono, akaniinamisha, akanionyesha ukingo wa tuta lililoumuka kama mkate kutokana na maji aliyomwagilia alfajiri. Alibonyeza kwa kidole kimoja, udongo ukaporomoka, na mizizi miwili ya miche ya lengalenga ikabaki wazi, myeupe. "Hiki ni kidole changu, mwanangu," alisema. "Kiatu chako je?" Hakuwa na hasira. Alitaka nione, nami nimeona.

Tulipatana hivi: asubuhi wakimbiaji watapita juu ya bustani, kwenye kijia cha mbuzi kilicho mita arobaini hivi kutoka mtoni, na watapita chini karibu na maji tu katika saa za jioni ambapo matuta yamekauka. Tulipofika kwenye kijia cha mbuzi tuligundua kwamba kwa mkimbiaji ni kizuri kuliko kile cha chini, kwa sababu ni kikavu, hakina pembe kali, na kutoka hapo mtu anauona mto wote unavyojikunja kati ya matete.

Baada ya bustani kuna madimbwi ambamo watu huloweka mihogo kwa siku tatu hadi tano ili ilainike na sumu yake ipungue. Harufu yake ni kali, lakini waliozaliwa hapa hawaisikii tena. Vijana walipendekeza tuvuke hapo kwa miguu, kwa kuwa maji yanafika magotini tu na njia ingekuwa fupi. Dada muuguzi alikataa kabisa, nami namuunga mkono: maji yanayotulia, yenye majani na konokono, ndiyo makazi ya kichocho, na vijidudu vyake huingia mwilini kupitia ngozi bila mtu kuhisi. Njia inayomlazimu mtoto kuingia majini kila wiki haiwezi kuitwa njia ya afya. Kwa hiyo tutavuka mbele zaidi, kwenye daraja la magogo, ambalo hapa tunaliita kilalo, ingawa jambo hilo linaongeza karibu nusu kilomita.

Jumapili, 9 Juni

Leo nimefuta kipande kizima cha ramani niliyokuwa nimeichora mwenyewe mjini.

Katika mchoro wa kwanza, njia ya mto ilirudi kijijini kwa kufuata barabara ya vumbi ambayo malori huitumia kwenda kwenye machimbo, umbali wa kilomita 1.8. Barabara hiyo ni pana, imenyooka, na ukiiangalia kwenye picha za setilaiti ni kama iliyotengenezwa kwa ajili ya wakimbiaji. Tulikimbia hapo asubuhi hii. Malori sita yalitupita katika muda usiofika nusu saa, na baada ya kila lori tulisimama tukiwa tumefunika pua kwa fulana, hatuoni hata miti ya upande wa pili. Tulipofika mwisho, kijana mmoja alitema mate mekundu kama udongo wa tofali.

Kuhusu vumbi hili nina jambo la kusema kwa uzito. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini katika Katanga, wakakuta kobalti kwa kiwango kikubwa mno, na watoto wakiwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Mtu anayekimbia huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko mtu aliyeketi, tena huivuta kwa mdomo, ambao hauchuji vumbi kama pua inavyochuja. Kumkimbiza mtu nyuma ya lori la madini kwa jina la mazoezi ni kumdhuru, hata kama lengo ni jema.

Kwa sababu hiyohiyo hatukuwahi kufikiria upande wa kaskazini-magharibi wa jiji. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki, ambao ndio unaotawala wakati wa kiangazi, umepeleka moshi wake upande huo, hata kuna mahali ambapo ardhi imebaki tupu bila miti. Kijiji chetu kimesalimika kwa kuwa kiko upande ambao upepo unatokea.

Badala ya barabara, njia sasa itazunguka ukingo wa dembo, yaani bonde la nyasi lisilo na miti ambalo hulowa maji wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Ardhi yake ni laini chini ya mguu, na wachungaji wa mbuzi wamekubali. Njia imekuwa ndefu zaidi, na hakuna aliyelalamika.

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru, miaka 64. Tuliamua kuiadhimisha kwa kukimbia njia ya mto kwa mara ya kwanza tukiwa kundi, na tulitangaza kanisani wiki iliyopita. Walikuja watu 23, wengi wao vijana, akina mama wanne wakiwa na vitenge juu ya suruali za mazoezi, na mzee mmoja wa umri wa miaka zaidi ya sitini aliyetembea njia yote kwa mwendo wa haraka na kufika kabla ya baadhi ya waliokimbia.

Huu ni mwezi wa baridi. Jua lilichomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya hapo nyasi za dembo zilikuwa zimelowa umande wa baridi kiasi kwamba viatu vilijaa maji katika mita mia ya kwanza. Wakati mzuri wa kuanza katika mwezi huu ni saa moja kamili, kwa sababu kabla ya hapo misuli ni migumu na njia haionekani vizuri.

Tulipata somo moja kubwa kwenye mteremko wa kuelekea kilalo. Mwendesha baiskeli ya makala, yaani mkaa, alitokea juu yetu, magunia yamepangwa nyuma yake hadi kupita kichwa chake. Baiskeli hizo hazina breki za kutegemewa, na mwenyewe alikuwa akipunguza mwendo kwa kukandamiza kandambili ya mpira kwenye tairi la nyuma, nasi tulisikia sauti ya mpira ikisuguana kabla ya kumwona. Alipiga mluzi, sote tukaruka kwenye nyasi, naye akapita bila kuanguka. Chini ya mteremko alisimama, akarudi kwa miguu kutusalimu, akatueleza kwamba wenzake wote hutoka msituni usiku ili wafike soko la mjini asubuhi, na kwamba ikifika saa mbili huwa wamekwisha kupita. Mtu huyo ameipita njia hiyo kwa miaka, na haki ya kupita kwanza ni yake. Kuanzia leo tunaikimbia njia ya mto kinyume na tulivyoipanga: tunaanzia dembo, ili kwenye mteremko tuwe tunapanda na kuwaona wanaoteremka, tena tunafika hapo baada ya saa mbili.

Jumapili, 14 Julai

Siku ya kupima. Hii ndiyo kazi niliyoingojea, na nitaieleza kwa ukamilifu kwa ajili ya vijiji vingine vitakavyotaka kufanya hivyo.

Tuliwahi kupima njia ya mto kwa simu tatu, zikatupa kilomita 6.08, 6.12 na 5.97. Simu hupokea mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti kila baada ya sekunde chache, kisha huunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka, na kwa njia inayojipinda kama hii hukata kona zote. Chini ya miti mikubwa nukta zenyewe huruka huku na huku. Kwa ramani inatosha, lakini kijana anayetaka kujua kama wiki hii amekimbia vizuri kuliko wiki iliyopita anahitaji kipimo kisichobadilika.

Wanaopima mbio rasmi za barabarani duniani hutumia baiskeli iliyosahihishwa, nasi tumefanya vivyo hivyo kwa uwezo wetu. Tuliazima utepe wa mita 50 kwa fundi mwashi, tukaunyosha mara mbili kwenye uwanja wa shule kupata mita 100, tukapigilia vigingi viwili. Kwenye tairi la mbele tulipaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe. Kijana mmoja alipanda baiskeli na kuendesha kutoka kigingi hadi kigingi mara nne, kwa uzito wake mwenyewe juu yake, kwa maana tairi hubonyea likibeba mtu na mzunguko wake hupungua. Tulipata mizunguko 45 na nusu, maana yake kila mzunguko ni mita 2.198. Kisha alifuata njia yote taratibu, akishika mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, huku mimi na mwenzangu tukitembea nyuma na kuhesabu, kila mmoja kwa daftari lake, tukilinganisha hesabu kila mizunguko mia. Mara mbili tulitofautiana, na mara zote mbili tulirudi nyuma.

Jumla ni mizunguko 2,871, sawa na mita 6,310. Katika upimaji rasmi huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi kuliko inavyodaiwa, na sisi tumeongeza mita hizo tulipokuwa tukipanga mahali pa alama za kilomita. Jioni tulirudia mita 100 za uwanja wa shule, kwa sababu tairi lililopata joto huvimba kidogo, na tofauti ilikuwa ndogo mno isiyoonekana kwa macho yetu.

Mchoro wa njia nimeupeleka pia kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia, ambapo kijiji chetu hakikuwa na kijia hata kimoja. Bustani, kilalo na kituo cha afya sasa vipo. Madimbwi ya mihogo nimeyaacha kwa makusudi, maana akina mama hawakupenda yaonekane.

Jumapili, 4 Agosti

Alama zetu zimeliwa. Katikati ya Juni tulisimika vigingi kumi na viwili vya mti mwepesi, tukavipaka rangi, na leo tisa kati yake vimelala chini. Niling'oa kimoja kilichokuwa bado kimesimama. Kwa nje kilikuwa kizima na rangi yake iling'aa, lakini nilipokibana mkononi kilivunjika kama ganda la yai, na ndani hapakuwa na mti tena, bali udongo mwekundu wenye unyevu, uliojengwa kwa vijia vidogo vidogo ambamo mchwa walikuwa wakikimbilia gizani. Mwana wa Katanga anapaswa kulijua hili bila kufundishwa, na wazee walituambia, lakini tuliharakisha.

Mzee anayefyatua matofali ndiye aliyetupa suluhisho. Yeye huchimba udongo wa kichuguu, huufyatua na kuuchoma, na tofali lake halinyonyi maji wala haliliwi. Ametupa matofali thelathini kwa bei ya ishirini. Tutayafukia hadi nusu, kwa kusimama, na kupaka upande mmoja. Hapo tena tulikosea kidogo, kwani tulichagua buluu kwa njia ya mto na nyekundu kwa njia ya vichuguu, na nyekundu juu ya ardhi ya rangi ya tofali haionekani hata ukiwa hatua kumi. Nyekundu imekuwa njano. Chokaa tumeiacha, kwa kuwa mvua ya kwanza ingeiondoa, na tunatumia rangi ya mafuta.

Jumapili, 25 Agosti

Moto. Kipande cha mwisho cha njia ya vichuguu kimeungua juzi, na leo hatukukimbia upande huo kwa ajili ya moshi na visiki vinavyowaka chini kwa chini. Wazee huchoma nyasi Mei na Juni, zikiwa bado na unyevu, na moto huo hupita haraka bila kuua miti. Moto wa Agosti na Septemba ni mwingine kabisa. Tumekubaliana na chifu kwamba mwakani tutasaidia kuchoma mapema mita mbili kila upande wa njia, ili iwe pia kizuizi cha moto. Matofali yamesalimika yote.

Jumapili, 15 Septemba

Njia ya vichuguu imekamilika kupimwa: kilomita 10.4, na nathubutu kusema ni njia nzuri kuliko zote nilizowahi kukimbia.

Huu ndio wakati miti ya miombo inapochipua kabla mvua haijanyesha, na majani machanga hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, ilhali ardhi chini bado ni nyeusi kwa majivu. Katikati ya rangi hizo kuna vichuguu. Mgeni akisikia neno hilo hudhani ni kilima cha kuvuka kwa hatua moja, lakini vichuguu vikubwa vya nchi hii hufikia urefu wa mita nane na upana wa mita kumi na tano, na katika hekta moja unaweza kukuta vitatu hadi vitano. Miti inayoota juu yake si ile ya msitu unaovizunguka, kwa sababu udongo wake una rutuba zaidi. Watafiti waliopima umri wa vichuguu vya Katanga kwa njia ya kaboni walichapisha mwaka 2015 kwamba kimojawapo kilikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Nilipowaeleza vijana jambo hili tukiwa tumeketi kwenye kivuli cha kichuguu cha kilomita ya sita, yule mdogo alisimama akakiangalia, akaniuliza kama inafaa kukikanyaga.

Tulikuwa tumefikiria kupandisha njia juu ya kimoja ili iwe na mlima, kwa kuwa eneo hili ni tambarare mno. Tumeacha. Miguu hamsini kila Jumapili ingekifanya mfereji wa mvua, na vingine vina makaburi. Njia inavizunguka, na mzunguko huo wa kushoto na kulia ndio unaoipa uhai wake.

Jumapili, 20 Oktoba

Joto la Oktoba ni kali kuliko la mwezi mwingine wowote. Jua sasa linachomoza kabla ya saa kumi na mbili, na kwenye njia zisizopita mteremko wa kilalo tunaanza mara tu kunapokucha, ili saa mbili kila mtu awe amemaliza. Tumesisitiza kila mmoja aje na chupa yake ya maji kutoka nyumbani, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwani kipindupindu si kigeni katika jiji letu na mto unapitia kwa watu wengi kabla ya kutufikia.

Njia ya watoto imefunguliwa. Ina kilomita 2 kamili, inaanzia na kuishia shuleni, haivuki maji, haigusi barabara, na kutoka mahali popote pake mtoto anaonekana na mtu mzima aliye bustanini au uwanjani. Sharti hilo la mwisho lilitolewa na akina mama, na ndilo lililotugharimu majuma matatu ya kuchora upya. Matunda yake tumeyaona leo: kati ya watoto 41 waliokimbia, 26 walikuwa wasichana. Katika njia ya mto wasichana walikuwa wakija wawili au watatu, kila mara wakisindikizwa na kaka. Mama mmoja alimwambia dada muuguzi: "Hapa ninamwona mwanangu nikiwa nashika jembe. Kule mtoni nani angemwona?" Nilipochora njia ya mto sikujiuliza swali hilo hata mara moja, na ninalijutia. Tumeanza kutafuta namna ya kuisogeza katika kilomita ya tatu, ambapo matete yamefunga pande zote mbili.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua zimeingia. Juzi usiku ilinyesha kwa saa nyingi, na alfajiri ya leo tulipofika kwenye vichuguu tuliwakuta watu zaidi yetu, watoto na bibi zao wakiwa na mabeseni na taa, wakikusanya kumbikumbi, ambao hapa tunawaita inswa. Tuliweka chini chupa zetu na kusaidia. Hakuna aliyekimbia njia ya vichuguu leo, na katika kalenda ya mradi nimeandika kwamba asubuhi za inswa njia hiyo imefungwa kwa wakimbiaji.

Mto umepanda. Kwenye kilalo maji yanagusa magogo kwa chini, na gogo la upande wa kushoto limeanza kucheza. Dembo limekuwa tope linalomeza kiatu, na mbaya zaidi, mahali tulipopita wiki iliyopita pameacha mifereji ambayo maji sasa yanaifuata. Kwa hiyo njia ya mto inagawanyika kuanzia leo: ile ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, yenye mita 6,310, na ile ya wakati wa mvua, ambayo haivuki mto kabisa, bali inafuata kijia cha mbuzi juu ya bustani, inapanda kwenye miti ya mimasuku, kisha inarudi kupitia kituo cha afya. Kwa kukadiria kwa hatua ni kama kilomita nne na nusu. Haipiti kwenye matete popote.

Yule mama wa lengalenga alitusimamisha tulipokuwa tukipita juu ya bustani yake. Anataka tofali la kilomita ya kwanza lisogezwe upande wa juu wa kijia, kwani maji ya mvua yanaligonga na kugeukia kwenye tuta lake. Tumelisogeza papo hapo, mita mbili na nusu, naye akalishindilia kwa mguu wake mwenyewe. Jumapili ijayo, kama mvua itaturuhusu, tutarudi na baiskeli na madaftari kupima njia ya mvua kuanzia tofali hilo.